Asiyekuwapo na Lake Lipo

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii ina manufaa yake. Huwahimiza watu kufika barazani kwa wakati, huwaonya wavivu, na huwaondolea lawama wagawaji wa chakula ikiwa mmoja wa wenzao amechelewa. Katika mambo ya sinia na mkeka haina ubaya mkubwa. Lakini methali ni kama kisu, na kifaacho jikoni chaweza kudhuru kikichukuliwa mahali pengine. Tukiitoa methali hii sebuleni tukaipeleka makaburini, hugeuka ikawa hukumu. Aliyekufa hayupo. Aliyefukuzwa hayupo. Aliyenyamazishwa, ingawa yu hai, amefanywa kuwa kama hayupo. Je, na haki zao pia hazipo?

Swali hili ni la zamani, na wenye hekima wa kila taifa wamelijaribu. Mimi nataka kulipima kwa kitu kidogo, ambacho watu wengi wangekiita mchezo wa wasafiri: matembezi ya miguu, ya saa chache, katika mtaa mmoja wa mji wa Berlin. Nimechagua kitu kidogo kwa sababu mambo makubwa yana desturi ya kutuziba macho kwa ukubwa wao.

Mtaa wenyewe waitwa Schöneberg. Mgeni afikaye huko siku hizi aweza, kwa ada isiyo kubwa, kufuatana na kiongozi aliyesoma tarikhi ya mahali pale, akatembezwa katika njia ambazo watu wapendao wa jinsia yao wameishi na kukutana, na ambamo wamewindwa pia, kwa muda upatao miaka mia moja. Aghalabu safari hupita penye stesheni ya Nollendorfplatz. Katika ukuta wake wa kusini pana jiwe la pembetatu, lenye rangi ya waridi, lililowekwa mwaka 1989. Umbo lile na rangi ile si pambo. Ndiyo alama iliyoshonwa juu ya nguo za wanaume waliotiwa katika kambi za mateso za Hitler kwa kosa la kupenda wanaume. Maneno ya Kijerumani yaliyochorwa hapo yamejengwa juu ya vitenzi viwili vinavyolingana kwa sauti: kuua kwa kipigo, na kuua kwa kimya.

Kutoka hapo watu huenda Motzstraße, penye pembe ambapo palikuwa na ukumbi wa dansi uitwao Eldorado, maarufu sana zama zake. Mwaka 1933 kuta zake zilitundikwa bendera na mabango ya chama cha Hitler. Karibu na hapo, katika Nollendorfstraße, ipo nyumba namba 17 alimopanga mwandishi Mwingereza Christopher Isherwood tangu mwisho wa mwaka 1930 mpaka 1933. Basi tazama jambo la ajabu: jicho la mgeni halioni kitu. Huona tofali, dirisha na mlango, na watu wakipita na vikapu vyao. Kila alichokifuata kimo katika maneno ya kiongozi. Ulimi ukinyamaza, mtaa nao hunyamaza. Hivyo matembezi haya si ya kutazama bali ni ya kusikiliza, na jiwe halikumbuki neno lolote ila mtu alikumbukie.

Nini basi husimuliwa? Husimuliwa habari za tabibu Magnus Hirschfeld, aliyezaliwa mwaka 1868, ambaye mwaka 1897 aliunda pamoja na wenzake kamati ya kudai kufutwa kwa kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani. Kifungu hicho, kilichotungwa mwaka 1871, kiliwaadhibu wanaume kwa mapenzi ya wao kwa wao. Kamati ilikuwa na wito wake: kwa elimu mpaka haki. Maombi yake yalitiwa sahihi na maelfu ya watu, wakiwamo Albert Einstein na Thomas Mann. Mwaka 1919 Hirschfeld alifungua chuo cha elimu ya jinsia, chenye maktaba kubwa, na wengi walikwenda huko kutafuta dawa au shauri, au sikio la kuwasikiliza tu. Tarehe 6 Mei 1933 chuo kilivamiwa na kuporwa. Siku nne baadaye vitabu vyake vilitupwa motoni katika kiwanja cha Opernplatz. Mwenyewe alikuwa nje ya nchi, na inasimuliwa kwamba aliuona moto ule katika sinema mjini Paris. Hakurudi tena. Alikufa Nice mwaka 1935, siku aliyotimiza miaka 67.

Mwaka huo huo wa 1935 kifungu cha 175 kiliongezwa ukali, hata mtu akaweza kuhukumiwa bila ya kuwapo tendo lolote la kugusana. Katika miaka ya utawala ule wanaume wapatao 50,000 walitiwa hatiani, na baina ya 5,000 na 15,000 walipelekwa katika kambi za mateso. Wanawake hawakutajwa katika kifungu kile, lakini vilabu vyao vilifungwa, na gazeti lao lililoitwa Die Freundin, lililoanza mwaka 1924, lilikoma mwaka 1933.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya dhalimu aliyeinuka akaanguka, na sisi sote tungelala usingizi. Yaliyofuata ndiyo yenye fundisho zito zaidi. Vita vilikwisha mwaka 1945, milango ya kambi ikafunguliwa, lakini sheria ile kali ya mwaka 1935 ilibaki kama ilivyo katika Ujerumani ya Magharibi. Mwaka 1957 mahakama ya katiba ilitamka kwamba haipingani na katiba mpya. Ililegezwa mwaka 1969, na mpaka hapo watu wengine wapatao 50,000 walikuwa wamekwisha hukumiwa kwayo. Ilifutwa kabisa mwaka 1994. Hukumu za wakati wa Hitler zilitanguliwa na bunge mwaka 2002, na zile za baada ya vita mwaka 2017, pamoja na malipo ya fidia kwa waliokuwa bado hai.

Fikiri sasa hali ya mtu aliyetoka kambini. Mfungwa aliyeonewa kwa siasa yake aliweza kurudi kijijini akasimulia, na watu wakamlilia na kumheshimu. Huyu wa pembetatu ya waridi hakuweza. Akieleza kwa nini alifungwa, amekwisha kujishitaki upya. Ushahidi wake ulikuwa ndio ungamo lake. Dhuluma ilikuwa imejijengea ukuta: kwanza ilimtesa mtu, kisha ikahakikisha kwamba kulitaja teso ni kosa. Hapa ndipo ninapoona tofauti baina ya vitenzi viwili vya lugha yetu. Kusahau ni maumbile. Hakuna wa kulaumiwa kwa kusahau, kwa maana akili ni chombo kivujacho. Kusahaulisha ni kitendo, na kitendo kina mtendaji. Waliosahaulika wanahitaji kukumbukwa tu, lakini waliosahaulishwa wanadai, na madai yao hayaishi kwa kuwa wadai wamekufa.

Mfano mmoja utalithibitisha jambo hili. Rudolf Brazda, aliyezaliwa mwaka 1913, alifungwa Buchenwald karibu miaka mitatu mpaka kambi ilipokombolewa mwaka 1945. Baadaye aliishi Ufaransa kwa kazi yake, asijulikane na ulimwengu. Tarehe 27 Mei 2008 ulifunguliwa mjini Berlin, katika bustani ya Tiergarten, mnara wa ukumbusho wa watu wa namna yake. Habari ile ilimfikia mzee huyo aliyekaribia miaka 95, naye akajitokeza akasema: nami nilikuwako. Alikaribishwa Berlin, akauona mnara, akatoa ushahidi wake kwa miaka michache iliyobaki, akafa mwaka 2011. Waliojenga mnara walidhani wanawakumbuka watu ambao wote wameondoka. Kumbe asiyekuwapo alikuwapo, akingoja kuitwa. Kwa hiyo kumbukumbu si sanduku tu la kuwekea yaliyopita. Ni mwito pia, na hatujui ni nani atakayeuitikia.

Najua yapo mapingamizi, na si haki kuyapita upande. La kwanza husema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni neno la busara likitamkwa na aliyeumizwa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kidonda, na kusamehe ni mali yake. Likitamkwa na aliyeumiza, au na mrithi wake, si busara tena bali ni hila. Tena laanguka kwa sababu nyingine. Ndwele hutambuliwa kwa kujua ilikoanzia. Mganga asiyeuliza mgonjwa alikula nini jana hataganga cha kesho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo naliona katika nyuso za wasomaji wangu wengi. Husema: watu hawa mwenendo wao hatuukubali, dini zetu na mila zetu zaukataza, kuwakumbuka ni kuwasifu. Pingamizi hili lataka jibu la taratibu. Nianze na habari ya mtu wetu. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 mtu aitwaye Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mtoto wa askari, na angali mtoto alitiwa katika jeshi la Wajerumani wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918. Mwaka 1929 alifika Berlin. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani, akaigiza katika filamu, na akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha mji ule. Alikuwa, kwa kusema kweli, mmoja wa watangulizi wetu katika kazi hii ya kufundisha lugha. Mwaka 1941 alikamatwa kwa tuhuma ya kuwa na mapenzi na mwanamke wa Kijerumani, jambo lililohesabiwa kuwa ni kuchafua damu ya taifa. Alitiwa katika kambi ya Sachsenhausen bila ya kufikishwa mahakamani, akafa huko tarehe 24 Novemba 1944. Tangu mwaka 2007 jina lake limo katika kijiwe cha shaba mbele ya nyumba aliyokaa, Brunnenstraße.

Kambi ile ya Sachsenhausen ndiyo walimofungwa pia mamia ya wanaume wa pembetatu ya waridi. Mwalimu wa Kiswahili na wao walikuwa ndani ya uzio mmoja. Kosa lake halikuwa wizi wala kuua. Alimpenda mtu ambaye dola ilisema asimpende. Sisi leo twamwita mtu yule shahidi wa dhuluma, wala hatuulizi kwanza kama mapenzi yake yalikuwa halali katika dini yake au katika ndoa yake. Hatuulizi kwa sababu twajua kwamba adhabu aliyopewa haikuwa na uhusiano wowote na uadilifu. Basi kwa mizani ipi tutamlilia yeye, tukamnyima machozi aliyelala katika banda la pili? Mizani yenye mawe mawili, moja la kununulia na jingine la kuuzia, yakatazwa na dini zote ambazo pingamizi hili lataka kuzitetea.

Nasema basi kwamba kukumbuka si kusifu. Hakimu asikilizaye malalamiko ya mtu aliyepigwa haulizwi kama anaipenda tabia ya mlalamikaji. Huulizwa kama kipigo kilikuwa haki. Mtu aweza kushika imani yake yote, asipunguze hata herufi, na bado akasimama mbele ya jiwe la Nollendorfplatz kwa adabu. Lakini sitaki kumrahisishia msomaji mno. Akisimama pale kwa moyo safi, swali la pili litamfuata nyumbani. Sheria za jinai za Kenya, Uganda na Tanzania zina vifungu juu ya jambo hili hili, vilivyotokana na dola ya Uingereza, ambayo yenyewe iliacha kuwaadhibu watu wazima kwa mapenzi ya faragha katika Uingereza na Wales mwaka 1967. Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa mwaka 2019 kuvifuta vifungu hivyo. Uganda iliongeza sheria kali zaidi mwaka 2023. Mwenye kuona kwamba katika Berlin ya mwaka 1957 ushahidi uligeuzwa ungamo, hana budi kuuliza ni nani katika mtaa wake mwenyewe asiyeweza kusimulia aliyotendwa bila ya kujishitaki. Jibu atakalolipata ni juu yake. Kuliepuka swali ndiko nisikoweza kumruhusu.

Pingamizi la tatu latoka upande wa pili, kwa wale wenye uchungu na wafu. Husema: kuuza safari za kutazama mahali pa msiba ni biashara ya machozi. Mgeni hulipa, husikia, hupiga picha, kisha huenda kunywa kahawa. Nami nasema kuwa ujira si dhambi. Mchimba kaburi hulipwa, na hatusemi kwamba amewauza maiti. Hatari haimo katika fedha bali katika yale ambayo fedha hupenda kusikia. Fedha hupenda muziki wa Eldorado kuliko uzio wa Sachsenhausen. Hupenda hadithi za mgeni Mwingereza, ambazo zilizaa mchezo wa jukwaani mwaka 1966 na filamu mwaka 1972, kuliko maisha ya wenyeji ambao hawakuwa na tiketi ya kuondokea. Mwamba ngozi huvutia kwake. Hata mnara wa mwaka 2008 ulipopangwa kuonyesha ndani yake filamu ya wanaume wawili wakibusiana, wanawake waliuliza, kwa haki, wao wamewekwa wapi. Ndipo ilipokubaliwa kwamba filamu ibadilishwe kila baada ya muda. Kwa hiyo hata katika kuwakumbuka waliosahaulishwa, wapo wanaosahaulishwa mara ya pili. Dawa yake si kuacha kusimulia. Ni kusimulia tena, na kumpa nafasi aliyeachwa nje.

Liko jambo moja zaidi katika njia zile, nalo ni majina. Upande wa kaskazini wa Nollendorfplatz ipo njia iliyoitwa Einemstraße, kwa jina la jemadari wa Prussia aliyetaka watu wa namna hii waangamizwe. Mwaka 2013 iliitwa upya Karl-Heinrich-Ulrichs-Straße, kwa jina la mwanasheria ambaye mwaka 1867 alisimama mbele ya mkutano wa wanasheria mjini Munich kuwatetea, akazomewa mpaka akashindwa kumaliza hotuba. Wengine watasema hayo ni mambo ya vibao tu. Sisi wa pwani hii tuna sababu ya kutosema hivyo. Katika mji huo huo, mtaa wa Wedding, ilikuwako njia ya Petersallee, iliyopewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakubwa wa mji walitangaza kwamba jina libaki lakini nia ibadilike, sasa akusudiwe Peters mwingine, mwanasheria Hans Peters. Kana kwamba kumbukumbu ya damu huoshwa kwa tangazo! Mwaka 2024 njia ile iligawanywa na kupewa majina mapya, na sehemu yake moja yaitwa Maji-Maji-Allee. Jina la njia ni ushuhuda unaotolewa kila siku na vinywa visivyo na hatia: mchukuzi wa barua, mtoto wa shule, bibi aulizaye nyumba ya daktari. Jina likiwa la uongo, wote hao hulazimishwa kusema uongo bila ya kujua.

Katika hayo yote nakusanya neno langu. Wafu hawawezi kulipwa. Hirschfeld hatarudishiwa vitabu vyake, wala Ulrichs hatamaliza hotuba yake, wala mwalimu wetu hatarudi darasani. Mgeni atembeaye Schöneberg kwa saa mbili hajalipa deni lolote, na akidhani amelipa amejidanganya. Alichofanya ni kukiri kwamba deni lipo. Jambo hilo laonekana dogo, lakini kila anayezijua desturi za madeni ajua kwamba kuna tofauti kubwa baina ya mdaiwa asiye na kitu na mdaiwa akataaye kwamba aliwahi kukopa. Wa kwanza ni maskini, wa pili ni mwizi.

Methali basi na ibaki mahali pake, penye sinia na mkeka. Hapo asiyekuwapo na lake halipo, naye atakula kesho. Lakini penye haki ya binadamu, asiyekuwapo ndiye aliye na lake zaidi, kwa kuwa hawezi kulidai mwenyewe, na waliopo ndio walinzi wake wapende wasipende. Mlinzi wa amana hachagui amana kwa kumpenda mwenye mali. Huitunza kwa sababu aliachiwa.